Dionisi, Martini na Diana: Majina ya Miungu Katika Daftari la Ubatizo

Jumamosi moja asubuhi, baada ya sala ya jumuiya ndogo ndogo huku kwetu Mbagala, mama mmoja alibaki nyuma wakati wenzake wanakunja mikeka. Alinisalimia, "Tumsifu Yesu Kristo," nami nikaitikia. Kisha akasema, "Mwalimu, nina shida. Mwanangu anataka kubadili jina la ubatizo. Ameambiwa ni jina la shetani."

Mwanawe anaitwa Dionisi. Ni fundi umeme, ameoa, na wakati huo mkewe alikuwa mjamzito. Rafiki yake alimpeleka kwenye mkutano wa maombezi, na huko mhubiri akawauliza watu majina yao mmoja mmoja. Alipofika kwake alimwambia kwamba Dionisi ni mungu wa Wayunani, mungu wa pombe, na kwamba kila anayeitwa kwa jina hilo ameunganishwa na roho hiyo. Kijana aliishiwa nguvu. Baba yake mzazi alikufa kwa pombe, na wote tuliomfahamu tunajua. Sasa aliogopa kwamba jina lake ndilo mlango, na kwamba mtoto aliye tumboni angepita mlango huo huo. Alikuwa tayari kwenda kwa wakili kuapa, kubadili cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na vyeti vya shule. Kwa fundi anayeishi kwa kazi za mkononi, gharama na usumbufu huo si kitu kidogo.

Nilimwomba mama yule anipe wiki moja. Sikumwambia sababu yangu kubwa ya kuomba muda. Jina lile nililiandika mimi. Mwaka 1996 nilikuwa katekista hapa, na mkono ulioandika "Dionisi" katika daftari la ubatizo ulikuwa wangu. Insha hii imetokana na wiki ile, na na mambo niliyoendelea kusoma baada yake.

Kwanza tuseme ukweli

Mhubiri yule hakusema uongo kuhusu asili ya jina. Dionisi latokana na Dionisio, neno la Kiyunani lenye maana ya "wa Dioniso", na Dioniso alikuwa mungu wa mzabibu na divai. Tusilifiche hilo. Na si jina hilo peke yake. Fungua daftari lolote la ubatizo katika parokia zetu, iwe Temeke au Kinondoni, na utawakuta jamaa zake wengi.

Martini na Martina ni majina yaliyotokana na Mars, mungu wa vita wa Warumi, na wataalamu wengi huona kwamba hata Marko lina mzizi huo huo. Demetri na Demetria ni wa Demeta, mungu wa kike wa nafaka. Apolinari ni wa Apolo, mungu wa jua na unabii. Isidori maana yake ni zawadi ya Isisi, mungu wa kike wa Misri aliyeabudiwa pia na Wayunani. Jovini na Jovita, ambayo ndugu zetu wa Kagera huyapenda, yametoka kwa Jove, yaani Jupita, mkuu wa miungu ya Rumi. Saturnini ni wa Saturni. Silvano ni mungu wa misitu. Januari ni wa Jano, mungu wa milango, aliyechorwa akiwa na nyuso mbili. Diana alikuwa mungu wa kike wa uwindaji, na jina la Cynthia, ambalo mabinti wengi wa mjini wanalo siku hizi, lilikuwa jina la sifa la mungu huyo huyo kwa Kiyunani.

Na tukitaka kukimbia, tutakimbilia wapi? Kila anayeandika tarehe anaandika Januari ya Jano, Machi ya Mars na Juni ya Juno. Kiswahili kimetuepusha na jambo moja tu: siku zetu za juma tunazihesabu, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, wakati lugha nyingi za Ulaya zimezipa siku hizo majina ya miungu. Lakini sijasikia Mkristo wa Ulaya aliyepotea kwa sababu alipanga harusi yake siku yenye jina la mungu wa kale.

Basi swali si kama majina haya yalitoka kwa miungu. Yalitoka huko. Swali ni hili: je, jina hubaki mali ya yule aliyelitumia kwanza?

Watu waliosalimiwa na Paulo

Tuanze na Maandiko, maana hapo ndipo kijana wetu alipotishwa, na hapo ndipo inafaa atulizwe.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 14, Paulo na Barnaba wako Listra. Wamemponya kiwete, na umati unapandwa na wazimu wa furaha. Wanamwita Barnaba Zeu, na Paulo wanamwita Herme kwa kuwa ndiye msemaji. Kuhani wa Zeu analeta ng'ombe na mashada ya maua ili kuwatolea dhabihu. Mitume wanararua mavazi yao, wanaruka katikati ya watu na kupiga kelele kwamba wao ni wanadamu tu. Hapo Paulo anakataa katakata kuitwa Herme.

Sasa fungua Waraka kwa Warumi sura ya 16. Mtume yule yule anamaliza barua yake kwa salamu ndefu, kama mzee anayemaliza mazungumzo ya simu kwa kuuliza hali ya kila mtu nyumbani. Katika aya ya 14 anamsalimia ndugu mmoja Mkristo. Jina lake ni Herme. Hamwambii abadili jina. Aya inayofuata anamsalimia Nerea, ambaye jina lake ni la mungu wa bahari wa Wayunani. Na mwanzo wa sura hiyo anamkabidhi kwa kanisa dada Fibi, mhudumu wa Kenkrea, mwenye jina ambalo Wayunani walimpa mmoja wa miungu yao ya kale na baadaye wakamwita nalo Artemi.

Tofauti iko wapi? Huko Listra watu walimwita Paulo Herme ili wamwabudu Herme. Kule Rumi, ndugu aliitwa Herme kwa sababu wazazi wake, au labda bwana wake kama alikuwa mtumwa, walimwita hivyo, na sasa jina hilo lilimtaja mtu aliyeoshwa kwa maji na Roho. Mtume alipigana na ibada. Hakupigana na silabi.

Mifano ni mingi. Epafrodito, ambaye Wafilipi walimtuma kumhudumia Paulo gerezani hata akaugua karibu ya kufa, ana jina linalomaanisha mtu wa Afrodita, mungu wa kike wa mapenzi. Paulo anamwita ndugu yake, mtenda kazi mwenzake na askari mwenzake (Flp 2:25). Apolo wa Aleksandria, mwenye ufasaha na nguvu katika Maandiko, alifundisha Korintho kwa jina ambalo kila Mkorintho alilijua kuwa la mungu. Watu wa Korintho waligombana sana juu ya Paulo na Apolo, lakini katika ugomvi wote ule jina la Apolo halikulalamikiwa. Huko Athene, mmoja wa wachache walioamini mahubiri ya Paulo aliitwa Dionisio (Mdo 17:34). Naye alibaki Dionisio.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Demetrio. Katika Matendo sura ya 19 yuko Demetrio mfua fedha wa Efeso, mtengeneza vihekalu vya Artemi, aliyechochea ghasia dhidi ya Paulo ili biashara yake isife. Katika Waraka wa Tatu wa Yohane, aya ya 12, yuko Demetrio mwingine, anayeshuhudiwa vema na watu wote na hata na kweli yenyewe. Jina ni moja na mzizi wake ni mungu mmoja wa kike. Mmoja alilitumikia sanamu na mwingine alimtumikia Kristo. Kama jina lingekuwa na nguvu ya kumfunga mtu, wawili hawa wasingetofautiana.

Hata hivyo, ndugu msomaji, nisiwe kama wakili anayeonyesha ushahidi wa upande mmoja. Maandiko yana sauti nyingine pia. Kutoka 23:13 inakataza kuyataja majina ya miungu mingine. Mwana wa Sauli anaitwa Eshbaali katika Kitabu cha Kwanza cha Nyakati, yaani mtu wa Baali, lakini katika Kitabu cha Pili cha Samweli anaitwa Ishboshethi, mtu wa aibu. Wataalamu wa Maandiko hueleza kwamba waandishi waliona haya kuliandika jina la Baali, wakaweka neno "aibu" mahali pake. Na Mungu mwenyewe alibadili majina: Abramu akawa Abrahamu, naye Yesu akampa Simoni jina la Kefa. Kwa hiyo anayeona uzito katika jina si mjinga, wala hajatoka nje ya Biblia.

Lakini tazama habari za Danieli. Huko Babeli alipewa jina la Belteshaza, na mfalme Nebukadneza mwenyewe anasema wazi kwamba hilo ni jina la mungu wake (Dan 4:8). Danieli hakulichagua. Alitajwa kwa jina hilo barazani kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote alifungua madirisha yake yaliyoelekea Yerusalemu akasali. Mfalme alikuwa na uwezo wa kubadili jina la Danieli. Magoti ya Danieli hayakuwa mikononi mwake.

Kanisa lilivyojifunza kutoa majina

Wakristo wa vizazi vya kwanza hawakuwa na desturi maalumu ya majina. Waliitwa kama majirani zao. Askofu Dionisio wa Aleksandria, katika karne ya 3, anatupa habari mojawapo ya zamani kabisa ya mabadiliko. Anaeleza kwamba waamini wengi walipenda kuwaita watoto wao Paulo na Petro, kwa upendo wao kwa mitume. Anayetuambia hayo ni askofu, mwalimu wa Kanisa, aliyeteswa kwa ajili ya imani, na yeye mwenyewe anaitwa Dionisio. Aliona uzuri wa desturi mpya bila kuona aibu ya jina lake. Katika miaka hiyo hiyo Kanisa la Roma nalo liliongozwa na Papa Dionisio, aliyefariki mwaka 268.

Mwishoni mwa karne ya 4, huko Antiokia, Mtakatifu Yohane Krisostomo aliwakemea wazazi kwa desturi moja ya ajabu. Mtoto alipozaliwa, waliwasha taa kadhaa, wakaipa kila taa jina, na taa iliyowaka muda mrefu kuliko nyingine ndiyo iliyompa mtoto jina lake, wakiamini kwamba ataishi maisha marefu. Yeye aliwashauri wawape watoto majina ya watu wema, ili mtoto akikua aulize, "Aliyeitwa hivi kabla yangu aliishije?" Watu wa mji huo walikuwa tayari wamewaita watoto wengi kwa jina la Meletio, askofu wao aliyeteswa na kufukuzwa mjini mara kadhaa. Zingatia sababu ya Krisostomo. Yeye hakuhofia mizizi ya jina. Alitaka mtoto awe na mfano wa kuufuata.

Kisha ukaja mwaka 533. Padre mmoja wa Roma alichaguliwa kuwa Papa. Jina lake lilikuwa Merkurio, yaani Herme yule yule kwa jina la Kirumi. Aliona haifai Askofu wa Roma aitwe kwa jina la mungu wa kipagani, akajiita Yohane, na kwa hiyo tunamjua kama Papa Yohane wa Pili. Ndiye Papa wa kwanza tunayejua kwa hakika kwamba alibadili jina alipochaguliwa. Desturi ambayo leo tunaisubiri kwa hamu kila anapotangazwa Papa mpya ilianza na wasiwasi ule ule wa kijana wetu wa Mbagala. Lakini miaka kumi kabla yake alifariki Papa Hormisda, ambaye jina lake ni la mungu mkuu wa Waajemi wa kale, naye hakulibadili, na Kanisa linamheshimu kama mtakatifu. Wawili hao walifuata njia mbili na wote walikuwa ndani ya Kanisa moja. Hili ni jambo la busara na dhamiri, si la kufa na kupona.

Watakatifu wenyewe ndio waliomaliza kazi iliyobaki. Martini, mwana wa askari na yeye mwenyewe askari, alikata vazi lake katikati akampa maskini nusu, kisha akaacha jeshi ili awe askari wa Kristo, na mwisho akawa askofu wa Tours hadi alipofariki mwaka 397. Tangu hapo, anayesikia jina Martini hawazii mungu wa vita. Anawazia vazi lililokatwa. Jina la mwua watu likawa jina la mtu aliyeweka upanga chini. Hivyo ndivyo jina linavyobatizwa: halifutwi, linapata mwenyewe mpya.

Majina yalivyofika pwani yetu

Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na watu waliokombolewa utumwani walibatizwa huko kwa majina ya watakatifu. Wabenediktini walifika Pugu mwaka 1888, na kutoka huko mizizi ya Kanisa la Dar es Salaam ikaendelea. Walikuja na mafundisho ya Katekisimu ya Roma ya mwaka 1566, iliyotaka mbatizwa apewe jina la mtakatifu. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, kanuni ya 761, iliwaagiza mapadre wahakikishe mtoto anapewa jina la Kikristo.

Hapo ndipo kwetu palipotokea jambo ambalo hatujalizungumza vya kutosha. Bibi alipoleta jina la ukoo, mara nyingi aliambiwa kwamba hilo ni la kipagani. Likatafutwa jina katika kalenda, likapatikana Dionisi, Saturnini au Jovita, na bibi akarudi nyumbani akijaribu kulitamka. Hakuna aliyemwambia kwamba jina alilopewa nalo lilikuwa la kipagani wakati wake. Jina la miungu ya Ulaya lilikuwa limepewa nafasi ya kubatizwa na watakatifu wake. Majina yetu yalikuwa bado mlangoni.

Hata sheria ile ya 1917 haikuwa kali kama wengi wetu tulivyoitumia. Kanuni yenyewe ilisema kwamba padre akishindwa kuwashawishi wazazi, aongeze jina la mtakatifu juu ya lile walilochagua na kuandika yote mawili katika daftari. Na Sheria mpya ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inataka tu kwamba wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa moyo wa Kikristo. Neno "mtakatifu" halimo katika sharti hilo. Jina la Kiafrika lenye maana njema lina nafasi yake kisimani pa ubatizo.

Kumbe ushahidi tulikuwa nao karibu siku zote. Tarehe 18 Oktoba 1964, Papa Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu Mashahidi 22 wa Uganda. Tunawaimbia kila tarehe 3 Juni. Tuyasome majina yao taratibu. Yupo Dionisi Sebugwawo, kijana wa ikulu aliyeuawa Mei 1886 kwa sababu alionekana akimfundisha mwenzake dini. Yupo Yosefu Mukasa Balikudembe, aliyeuawa Novemba 1885 baada ya kumkanya Kabaka Mwanga. Yupo Ambrosi Kibuka, aliyechomwa moto Namugongo. Sasa, katika dini ya kale ya Baganda, Mukasa ni mungu wa ziwa kubwa tunaloliita Viktoria, na Kibuka ni mungu wa vita. Mars wa Buganda ndiye Kibuka. Kanisa liliwaandika vijana hao katika orodha ya watakatifu pamoja na majina yao ya nyumbani, na leo katika altare moja Dionisi wa Wayunani na Mukasa wa Baganda wanaombwa pamoja.

Ndugu zetu Waanglikana nao wana shahidi wao katika jambo hili. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyejichagulia jina la yule mhubiri wa Aleksandria alipobatizwa mwaka 1895, alivuka kwenda Mboga, mashariki mwa Kongo, akawahubiria watu wa msituni mpaka alipofariki mwaka 1933. Ukimtaja Apolo huko Mboga, hakuna anayefikiria jua la Wayunani.

Nilichokiandika mwaka 1996

Sasa narudi kwenye daftari langu. Baada ya ile wiki niliyoomba, nilimwita mama na kijana wake katika ofisi ya parokia. Nilifungua ukurasa wa mwaka 1996 nikawaonyesha mwandiko wangu. Kisha nikasema jambo ambalo mama alilikumbuka vizuri na mwanawe hakuwa amelisikia kamwe.

Mama yule na marehemu mumewe walitoka Kagera. Walipokuja kuandikisha ubatizo, waliomba mtoto aitwe Mugasha, jina la babu yake mzaa baba. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba Mugasha ni jina la mungu wa ziwa wa Wahaya. Ni kweli, ni yule yule ambaye ng'ambo ya pili wanamwita Mukasa. Nikakataa. Niliwaambia kwa sauti ya mtu anayejua, "Hatuwezi kumbatiza mtoto kwa jina la mzimu." Nikauliza amezaliwa lini. Wakasema tarehe 9 Oktoba. Nikatazama kalenda: Mtakatifu Dionisi, askofu wa Paris, aliyeuawa kwa ajili ya imani karne ya 3. Nikaandika. Baba wa mtoto alinyamaza. Sikumuuliza babu yule alikuwa mtu wa namna gani.

Nilipomaliza kueleza, mama alinitazama kwa muda, kisha akacheka mpaka akafuta machozi. "Mwalimu," akasema, "yaani ulikataa mungu wa ziwa, ukaniandikia mungu wa pombe?"

Sikuwa na jibu. Niliomba radhi. Sheria ya 1983 ilikuwa na miaka kumi na mitatu wakati ule, na hata ile ya zamani ingeniruhusu kuandika majina yote mawili. Ukali ule haukutoka kwa Kanisa. Ulikuwa wangu.

Halafu nikamuuliza mama swali nililopaswa kuuliza zamani: Mzee Mugasha alikuwa nani? Akasema alikuwa mtu wa kahawa na migomba, aliyewalea yatima wawili wa jirani pamoja na wanawe, na hakuonja pombe tangu alipobatizwa akiwa mtu mzima. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa. Akauliza, "Babu hakunywa?" Mama akasema, "Hakunywa. Na yeye ndiye aliyekuwa na jina la mungu." Kisha akaongeza polepole, "Baba yako ndiye aliyekunywa, mwanangu, naye aliitwa Yosefu."

Nadhani neno hilo lilifanya kazi kuliko hoja zangu zote. Ulevi wa baba yule ulikuwa na sababu zake: kazi iliyopotea, marafiki wa kilabuni, huzuni ambayo hakuna aliyeisikiliza, na sisi wanajumuiya tuliopita mlangoni kwake bila kubisha hodi. Kulilaumu jina ni rahisi, maana jina halitudai chochote. Kumtembelea mlevi kunatudai muda wetu.

Tujifunze nini

Sitaki mtu aseme kwamba nimefundisha majina hayana maana. Yana maana kubwa. Ndiyo maana ninawaomba wazazi wafanye mambo matatu.

Kwanza, kabla ya kumpa mtoto jina, jueni habari za mtu aliyeishi nalo vizuri. Akiitwa Diana, mwambieni habari za mwenye heri Diana wa Bologna, mtawa wa Mtakatifu Dominiko wa karne ya 13. Akiitwa Isidori, mwambieni juu ya Isidori mkulima wa Madrid, aliyesali na kulima. Jina ambalo mtoto hajaambiwa habari zake ni kama nyumba isiyo na mtu ndani, na mgeni yeyote mwenye sauti kubwa aweza kuingia na kumwambia ni ya nani.

Pili, msiyaonee haya majina ya nyumbani. Kama Kibuka na Mukasa wamefika mbinguni, la babu yako nalo laweza kufika. Lakini nalo liangalieni: jina linalomtukana mtoto, au linalokumbusha ugomvi wa ukoo, liacheni.

Tatu, anayeteswa kwa hofu ya jina lake asichekwe. Papa Merkurio hakuchekwa. Kama mtu, baada ya kusali na kushauriana na padre wake, anaona amani yake imo katika kuitwa jina jingine, aitwe. Ila asifanye hivyo kwa kuamini kwamba mungu aliyekufa zamani ana hati ya kummiliki. Paulo anatufundisha (1 Kor 8) kwamba sanamu si kitu. Katika ubatizo tulitiwa alama ya Kristo, na hati hiyo ndiyo ya mwisho.

Dionisi hajaenda kwa wakili. Aliniambia kwamba hofu haijaisha yote, kwamba usiku mwingine inarudi, na nilimwamini. Tunasali naye. Mwezi wa nne baada ya mazungumzo yale alileta mtoto wa kiume kubatizwa. Mimi si katekista tena, ila karani wa ofisi alikuwa mgonjwa na paroko akaniomba nisaidie kuandikisha. Nikauliza jina. Akasema, "Yohane Mugasha."

Niliandika yote mawili, polepole, kwa herufi za kusomeka.